Kuzuru Salem, mji uliotuletea merikani: mwongozo kamili kwa anayekwenda mara ya kwanza

Mwambie Mmarekani yeyote kuwa unakwenda Salem, mji wa bandari wa jimbo la Massachusetts, jibu ni lile lile: unakwenda kwa wachawi. Hakosei. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa hapa kwa tuhuma za uchawi, na leo hata magari ya polisi ya mji yana nembo ya mchawi aliyepanda ufagio. Mimi pia mara ya kwanza niliwafuata hao hao wachawi. Nikarudi na habari ya kitambaa.

Bibi yangu aliita merikani kila kitambaa cha pamba kizito kisichotiwa rangi: pazia la jikoni merikani, mfuko wa unga merikani. Sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi, mpaka niliposimama kwenye gati la Salem na kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kitambaa kile ilipakiwa kwenye meli za mji huu, ikazunguka Afrika nzima mpaka Unguja. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzii kwa wachawi. Unaanzia baharini, na wachawi tutawafikia mchana.

Tenga siku mbili na usiku mmoja. Siku moja yatosha ukiwa na haraka, lakini utakimbia.

Kwanza, hakikisha ni Salem ipi

Marekani ina Salem nyingi kama sisi tulivyo na Majengo. Mji mkuu wa jimbo la Oregon unaitwa Salem, na uko upande wa pili wa bara. Hatari zaidi ni Salem ya New Hampshire, kwa sababu nayo iko mwendo mfupi tu wa gari kutoka Boston. Jamaa yangu alilipia chumba kwa simu bila kusoma jina la jimbo. Tuligundua saa tatu usiku, tukiwa tumeshateremka kwenye treni na mabegi, ramani ikituonyesha hoteli yake iko jimbo jingine. Pesa hazikurudi. Unapolipia chochote, tafuta herufi MA, yaani Massachusetts, baada ya jina la mji.

Pili, chagua mwezi

Usiende Oktoba. Najua ndio mwezi ambao kila picha ya Salem unayoiona mtandaoni ilipigwa: majani mekundu, maboga mlangoni, watu wenye kofia ndefu nyeusi. Lakini mwezi huo mji wenye wakazi wasiozidi 50,000 hupokea wageni zaidi ya milioni moja. Barabara hufungwa, foleni ya choo ni ndefu kuliko ya makumbusho, na vyumba huwa vimeshikwa miezi mingi kabla. Kama ni lazima uione sherehe hiyo ya Halloween, nenda siku ya kazi ya wiki ya kwanza, lala Boston, na uje kwa treni ya asubuhi.

Miezi ninayoipenda ni Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti ni joto la kawaida kwa mtu wa pwani, ila hoteli ni ghali. Kuanzia Desemba hadi Machi kuna theluji na upepo wa bahari unaopenya koti. Hata Juni, beba kitu cha kujifunika mabega kwa ajili ya gatini.

Kuhusu viza nitasema machache, kwa sababu masharti yamekuwa yakibadilika mara kwa mara, hasa kwa wenye pasipoti za Tanzania na Burundi. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako wiki ile ile unayotaka kuomba, na usilipie tiketi ya ndege wala hoteli isiyorudisha pesa kabla viza haijagongwa. Aliyeko tayari Marekani au Kanada hili halimhusu sana.

Tatu, kufika

Uwanja wa ndege ni Logan, Boston. Salem iko kama kilomita 25 kaskazini. Teksi zipo, lakini treni ni nafuu na haikwami kwenye foleni. Fanya hivi:

1. Nje ya jengo la abiria panda basi la bure la uwanja linalokwenda stesheni ya Airport.
2. Panda Blue Line kuelekea Bowdoin, teremka State. Hulazimiki kununua kadi: gusisha kadi yako ya benki au simu kwenye geti.
3. Hapo State badili, panda Orange Line kuelekea Oak Grove. Teremka North Station, kituo cha pili.
4. Panda juu kwenye ukumbi wa treni kubwa. Kwenye ubao tafuta Newburyport au Rockport. Njia hizo mbili huachana mbele ya Salem, kwa hiyo treni yoyote kati ya hizo itakufikisha. Hapa tiketi ni nyingine. Inunue kwenye programu ya simu ya shirika la usafiri, inayoitwa mTicket, au kwenye mashine. Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya dola 10 ya kupanda treni hizi bila kikomo wikiendi nzima.

Safari ni kama nusu saa. Ukisikia Swampscott, kaa tayari. Muda mfupi baadaye treni itaingia gizani ghafla, chini ya barabara za mjini. Hilo ndilo handaki la Salem. Inuka uchukue begi, maana ukitokea upande wa pili stesheni ndiyo hiyo.

Miezi ya joto kuna boti kutoka gati la katikati ya Boston, mwendo usiofika saa moja. Ni ghali kuliko treni, lakini kuingia Salem kwa bahari ndiko kuingia kwake hasa. Mimi hushauri kwenda kwa boti na kurudi kwa treni.

Ukishafika, sahau gari. Mji wote wa kale unatembeleka kwa miguu. Ila viatu viwe vya kutembelea, kwa sababu njia nyingi ni za matofali yaliyoinuliwa na mizizi ya miti. Shangazi yangu alikuja na ndara nzuri za ngozi kutoka Darajani, na kufikia saa sita mchana alikuwa amekaa kwenye ngazi za watu akizilaani.

Siku ya kwanza, asubuhi: gatini

Shika Derby Street uelekee mashariki mpaka uone maji. Eneo hili linatunzwa na serikali kuu tangu 1938, na lilikuwa la kwanza nchini kupewa hadhi ya eneo la kihistoria la taifa. Kutembea humo ni bure.

Derby Wharf ni ulimi wa mawe na udongo ulioingia baharini karibu mita 800, na mwishoni kuna mnara mdogo mweupe wa taa wa mwaka 1871. Tembea mpaka mwisho. Utaona njia tupu yenye nyasi na shakwe wakipiga kelele, na huenda ukajiuliza umeletwa kutazama nini. Zamani pande zote mbili zilijaa maghala, na maghala yalijaa pilipili manga ya Sumatra, chai ya China na kahawa ya Mocha. Salem ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Marekani mwanzoni mwa taifa hilo, na mhuri wa mji mpaka leo una maneno ya Kilatini yanayosema, kwa maana, mpaka bandari ya mwisho ya Mashariki yenye utajiri.

Ukigeuka kurudi, jengo la matofali mekundu lenye tai wa dhahabu juu ya paa ni nyumba ya forodha, iliyojengwa 1819. Nyuma yake kuna kibanda cha mizani zilizotumika kupimia shehena. Simama hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo habari yetu inapoanza.

Meli za Salem zilianza kufika Unguja miaka ya 1820. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts: Wamarekani watalipa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa watakazoshusha, na hakuna zaidi. Mwaka 1837 Marekani ikamtuma konseli wake wa kwanza Unguja, Richard Waters, na huyo alikuwa mtu wa Salem. Konseli alikuwa mfanyabiashara pia, na mshirika wake mkubwa alikuwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Sultani. Wenzao Waingereza walinung'unika sana.

Meli zilikwenda na majora ya merikani, zikarudi na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Sandarusi, yaani utomvu wa mti ulioganda, ilichimbwa ardhini mrima, ikasafishwa hapa Salem kwa ajili ya kutengenezea vanishi ya samani na mabehewa. Pembe nyingi ziliishia jimbo la jirani la Connecticut, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano. Barua za wafanyabiashara hao zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini wanapotaja uzito wa pembe na sandarusi wanaandika frasila, kama angeandika mtu yeyote wa Bagamoyo.

Usiipambe biashara hii. Pamba ya merikani ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, kisha huko kwetu ikawa ndiyo pesa ya misafara ya bara, iliyonunua pembe mpaka Unyanyembe na ng'ambo yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 pamba ikakatika, na soko likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na Bombay. Meli ya mwisho ya Salem kutoka Unguja iliingia bandarini hapa mwaka 1870. Jina la kitambaa likabaki kwetu.

Kutoka hapo mwendo wa dakika tano kuna House of the Seven Gables, nyumba ya mbao nyeusi iliyojengwa 1668. Ziara ni ya kuongozwa, kiingilio ni zaidi ya dola 20, na ndani kuna ngazi ya siri nyembamba kiasi kwamba mtu mnene huipanda kwa ubavu. Kwa mpenzi wa majengo ya kale ni lazima. Mwingine atazame bustani kwa nje aendelee.

Mchana: makumbusho

Peabody Essex Museum ndiyo sehemu pekee ambayo ningekusihi ulipe bila kusita. Asili yake ni chama cha mabaharia kilichoanzishwa 1799. Ili uingie ulipaswa uwe nahodha au msimamizi wa shehena aliyekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, na kila aliyesafiri alitakiwa arudi na kitu cha kuonyesha. Ukumbi wao wa 1825 bado upo ndani ya jengo la kisasa.

Nunua tiketi mtandaoni, angalia siku wanazofunga, na uweke pia saa ya kuingia Yin Yu Tang. Hiyo ni nyumba nzima ya ukoo kutoka mkoa wa Anhui, China, yenye umri wa miaka kama 200, iliyobomolewa kipande kwa kipande, ikasafirishwa na kujengwa upya hapa mwaka 2003. Ina ua katikati, vyumba vimeuzunguka, mwanga unaingia kutoka juu. Aliyelelewa kwenye nyumba ya kizamani ya Mji Mkongwe au Lamu atajikuta anaangalia kila mlango.

Vitu vya maonyesho hubadilishwa, kwa hiyo usiahidi watu nyumbani kwamba utaona pembe au kitu fulani cha Unguja. Hati zenyewe, zikiwemo karatasi za konseli Waters, ziko kwenye maktaba ya makumbusho hayo, lakini hiyo imehamishiwa mji wa Rowley. Mtafiti aandike barua kuomba miadi na atafute gari.

Alasiri: mwaka 1692

Mji umejaa nyumba za kutishia watu kwa sanamu za nta na milio. Utakutana na vibanda vya kusoma viganja, maduka ya mishumaa, na sanamu ya shaba ya mwanamke wa kipindi cha televisheni akiwa juu ya ufagio. Watoto hufurahi. Mimi siwalipi hata senti, na sioni kwa nini ulipe, kwa sababu mahali penye uzito ni pa bure.

Nenda Charter Street, kwenye makaburi yaliyofunguliwa 1637. Ubavuni mwake kuna uwanja mdogo wenye ukuta wa mawe yasiyotiwa saruji. Kutoka ukutani yametokezwa mawe 20 ya granaiti kama mabenchi, na juu ya kila moja pamechongwa jina, namna alivyokufa na tarehe. La Bridget Bishop linasema alinyongwa Juni 10, 1692. Yeye alikuwa wa kwanza. La Giles Corey ni tofauti: mzee huyo alikataa kujibu mashtaka, wakamlaza na kumrundikia mawe mpaka akafa. Chini pa kuingilia, kwenye sakafu, kuna maneno ya washtakiwa wenyewe wakisema hawana hatia, na ukuta umeyakata katikati ya sentensi. Usiyapite bila kuyasoma. Watu huacha maua na senti juu ya mawe. Usikae juu yake hata kama miguu inauma, ingawa utaona wengine wamekaa na kahawa zao.

Hakuna aliyechomwa moto hapa. Hilo ni kosa ambalo hata waongozaji wengine hulirudia.

Aliyekulia Shinyanga au Mwanza hahitaji kuelezwa jinsi mambo haya yanavyokwenda. Kwetu bibi kizee aliharibikiwa macho na moshi wa jikoni, yakawa mekundu, na wekundu huo ukawa ushahidi wa kumuua. Salem ushahidi ulikuwa ndoto za watu na mayowe ya wasichana mahakamani. Miongoni mwa wa kwanza kukamatwa alikuwa Tituba, mtumwa katika nyumba ya mchungaji Samuel Parris. Waliokiri waliachwa hai, walionyongwa ni waliokana. Mtu wa mwisho kusafishwa jina kisheria ni Elizabeth Johnson, mwaka 2022, baada ya wanafunzi wa shule moja kulishikia bango suala lake.

Jua likiwa bado, tembea dakika 20 mpaka Proctor's Ledge, mahali pa kunyongea palipothibitishwa na watafiti mwaka 2016. Pako katikati ya makazi ya watu, nyuma ya duka la dawa. Ukuta mfupi, majina 19, mti mmoja. Zungumza kwa sauti ya chini, watu wanaishi pale.

Nyumba pekee iliyosimama mjini Salem inayohusika moja kwa moja na kesi zile ni ya hakimu Jonathan Corwin, kwenye kona ya Essex Street. Inatosha kuitazama kwa nje. Na kama una gari, kumbuka kuwa mambo mengi yalianzia kijijini, ambako sasa ni mji wa Danvers.

Siku ya pili: upande wa magharibi

Asubuhi hii ni ya taratibu. Tembea Chestnut Street, mtaa wa majumba ya wenye meli. Ukumbi uitwao Hamilton Hall, wa mwaka 1805, ulikuwa na mpishi mkuu Mweusi, John Remond, aliyetoka Curaçao akiwa mtoto. Binti yake Sarah, mzaliwa wa Salem, alitolewa kwa nguvu kwenye ukumbi wa tamthilia Boston mwaka 1853 kwa kukataa kukaa walikotengewa Weusi. Alishtaki, akashinda. Mwaka 1859 akavuka kwenda Uingereza kuwahutubia wafuma pamba kuhusu mikono inayoilima, kisha akasomea udaktari Florence. Kwangu mimi huyu ndiye mwana wa Salem mkubwa kuliko wote, na sanamu ya yule wa televisheni ingempisha.

Halafu ingia maktaba ya umma, 370 Essex Street. Ni bure, ina choo safi, na hakuna mtalii. Jumba hilo lilikuwa la nahodha John Bertram, mmoja wa waliotajirika kwa biashara ya Unguja. Warithi wake walilitoa kwa mji mwaka 1887. Nilimleta shangazi hapa siku ya pili, miguu imefungwa plasta. Akashika mkono wa ngazi, mbao nene iliyong'aa, akaupapasa kwa kiganja. "Sandarusi hiyo," akasema. Sina hakika kama vanishi ile ni ya enzi hizo. Sikumbishia.

Kula na matumizi

Samaki ndiye mfalme hapa, pamoja na kamba mkubwa anayewekwa kwenye mkate. Ile supu nyeupe nzito ya chaza, inayoitwa chowder, mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe wakati wa kukaanga kitunguu, na menyu haisemi. Muislamu aulize kabla ya kuagiza. Aulize pia kama samaki hukaangwa kwenye mafuta yale yale ya vitu vingine.

Bei ya kwenye menyu haina kodi, na mhudumu hutegemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Chakula cha dola 20 kitakutoka kwa dola 25. Kujibana, nunua mkate na matunda dukani, ukale kwenye nyasi za Derby Wharf. Jioni ya kiangazi watu wa mji hukimbilia Salem Willows, bustani ya ufukweni, kula bisi na mkate uliojazwa chop suey. Ndiyo, tambi ndani ya mkate. Jaribu nusu.

Zawadi bora ni pipi ziitwazo Gibralter kutoka duka lililokuwepo tangu 1806, mkabala na House of the Seven Gables. Ni ngumu kama jiwe na haziharibiki njiani, hata ndege ikichelewa siku mbili. Shangazi hakutaka pipi. Alitaka jora la merikani alipeleke Unguja, awacheke wenzake. Tulizunguka Essex Street yote. Nguo zilizokuwepo ni fulana nyeusi zenye picha ya mchawi, na nilipogeuza lebo ya ndani ikasema zimeshonwa Bangladesh.